Foto moja ya jicho kila mwaka: haki ya kila mwenye sukari katika Kongo

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia, Kisangani, Kindu, Kalemie, Kolwezi na Lubumbashi,

Leo hatuandiki juu ya mashimo ya barabara, wala juu ya maji, wala juu ya kura. Tunaandika juu ya macho. Tunajua wengine wataanza kusema: "Hiyo ni kazi ya waganga, ninyi vijana munaingilia nini?" Jibu letu ni fupi. Kuna upofu ambao dunia inajua kuuzuia tangu zamani. Sisi tunauacha uingie ndani ya nyumba zetu sababu hakuna kiongozi aliyeuandika kwenye budje. Upofu wa namna hiyo unatoka kwenye uamuzi wa mtu aliyekaa ndani ya biro, na uamuzi wa viongozi ni kazi yetu kuuchunguza.

Ugonjwa wenyewe kila mtu anaujua kwa jina: sukari. Kwenye kila avenyu ya miji yetu kuna mama ao mzee mwenye sukari. Habari ya mguu uliokatwa tunaijua. Habari ya figo tunaijua. Lakini habari ya macho inapita kimya, sababu macho ya mwenye sukari hayaumi. Yanaharibika polepole, miaka kwa miaka, na mwenyewe anaendelea kuuza samaki wake na kuhesabu franka zake bila shida. Kiisha siku moja ukungu unaingia, ao madoa meusi yanaanza kuogelea mbele yake, na jamaa inasema: "Ni uzee tu, tutamununulia miwani." Miwani inanunuliwa. Haisaidii kitu. Wakati anafika kwa munganga wa macho, mara nyingi damu imekwisha kumwagika ndani ya jicho.

Msimamo wetu ni huu: kila mtu mwenye sukari katika Kongo apigwe foto ya jicho mara moja kwa mwaka, apewe jibu siku hiyo hiyo, na akionekana ana hatari atumwe kwenye matibabu yenye kuwepo kweli. Tusome pamoja juu ya nini jambo hili linawezekana, na ni nani wa kuliombwa.

NDANI YA JICHO KUNAPITA NINI

Nyuma ya jicho, ndani kabisa, kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Ndiyo inapokea mwanga na kutuma habari kwenye ubongo. Inalishwa na mishipa ya damu midogo sana. Sukari ikikaa juu ndani ya damu kwa miaka mingi, kuta za mishipa hiyo zinachoka. Zinafanya vivimbe vidogo, kama mpira wa baiskeli uliochoka, kiisha zinaanza kuvuja damu na mafuta. Maji yakivujia katikati ya retina, mahali tunapotumia kusoma na kutambua sura ya mtu, pale panavimba. Mama anaona mlango lakini hatambui nani amesimama pale mlangoni.

Mishipa mingine inaziba kabisa. Retina ikikosa damu inaita mishipa mipya iote. Mtu angefikiri hiyo ni habari njema, lakini mishipa hiyo mipya ni dhaifu sana. Inapasuka, damu inajaa ndani ya jicho, na makovu yake yanaweza kuvuta retina mpaka ing'oke mahali pake. Hapo njo giza linaingia, na hapo hata munganga mwenye akili nyingi hawezi kurudisha vyote vilivyopotea.

Shirikisho la kimataifa la ugonjwa wa sukari lilihesabu mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 537 duniani wana sukari. Afrika ilikuwa na karibu milioni 24, na zaidi ya nusu yao hawakujua kama wanayo. Mwaka huo huo watafiti walikusanya kazi nyingi zilizofanywa duniani wakakadiria kwamba watu wazima milioni 103 walikuwa tayari na macho yaliyoguswa na sukari mwaka 2020. Bara lililopatikana na sehemu kubwa kuliko yote ni Afrika: karibu wagonjwa 36 kwa kila wagonjwa 100 wa sukari. Soma tena namba hiyo. Ni zaidi ya mtu mmoja kwa watatu. Kiisha fikiria wale watatu wa sukari unaowajua wewe mwenyewe ndani ya jamaa na majirani.

KAMERA INAFANYA NINI

Jicho lina zawadi moja ambayo moyo, figo na ubongo havina. Ni mahali pekee ndani ya mwili ambapo munganga anaweza kuona mishipa ya damu kwa macho yake bila kupasua ngozi. Hermann von Helmholtz, mtaalamu wa Ujerumani, alieleza chombo cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851. Lakini kutazama tu kuna shida: munganga anaona, anaandika maneno mawili kwenye fishi, na mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka ni nini hasa kilichoonekana.

Foto ilibadilisha mambo. Mwaka 1961, Harold Novotny na David Alvis wa Indiana, Marekani, walichapisha namna ya kupiga foto ya mishipa ya retina baada ya kuchoma rangi kwenye mshipa wa mkono. Walianza kazi hiyo wangali wanafunzi wa udaktari. Vijana, sawa na sisi. Njia yao ingali inatumika mpaka leo na inaonyesha mengi, lakini ina sindano, ina kichefuchefu kwa wengine, na mara chache sana mwili unaikataa ile rangi kwa nguvu ya hatari. Huwezi kuifanya kila mwaka kwa kila mama wa sokoni.

Njo maana siku hizi watu wanasisitiza njia ambazo haziingii mwilini. Ya kwanza ni kamera ya retina. Mgonjwa anakaa, anaweka kidevu mahali pake, anatazama taa ndogo, flashi inapiga mara moja kwa kila jicho. Dakika chache, imekwisha. Hakuna sindano, hakuna damu. Kamera nyingi hazihitaji hata dawa ya kupanua mboni, kama chumba kina giza ya kutosha. Ya pili ni mashini ya OCT, ambayo watafiti wa Boston, Marekani, waliieleza mwaka 1991. Inatumia mwanga namna ekografi inatumia sauti: inaonyesha tabaka za retina moja moja, na inapima unene wake kwa sehemu ndogo kuliko unywele. Ikiwa katikati ya retina panavimba, OCT inaona hata kama mgonjwa bado anasoma vizuri. Namna yake mpya inaonyesha pia mishipa ya damu yenyewe, bila ile rangi ya kuchoma.

Nguvu ya vitu hivi ni kufuatilia. Sisi vijana wa uraia tunalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Ukienda kwa meya kumwambia "barabara imeharibika", atakujibu "tutaangalia". Lakini ukimwekea foto ya shimo la mwezi wa kwanza, foto ya shimo lile lile mwezi wa sita, na foto ya mwaka unaofuata likiwa limemeza nusu ya barabara, hana mlango wa kutokea. Foto yenye tarehe ni ushahidi. Jicho ni vile vile. Foto ya mwaka jana ina vivimbe vitatu, ya mwaka huu ina kumi na damu kidogo pembeni: ugonjwa unatembea, na munganga anajua kwamba miezi kumi na miwili ni mingi mno ya kungoja. Foto ya mwaka jana na ya mwaka huu zinafanana: mama aendelee na dawa zake, tuonane mwaka ujao. Bila foto, kila ziara kwa munganga inaanza kutoka ziro.

KITWE NA KIGALI SI MBALI

Kuna watu watakaosema mambo haya ni ya Wazungu. Tuwapeleke safari fupi.

Toka Lubumbashi, pita Kasumbalesa, vuka mpaka, pita Chililabombwe na Chingola, unafika Kitwe siku hiyo hiyo. Kule Copperbelt, watafiti walipiga foto za macho ya Wazambia 1,574 wenye sukari na kuzipitisha kwenye programu ya kompyuta iliyofundishwa kusoma retina. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Kati ya macho yenye ugonjwa wa kutumwa kwa munganga, programu ilikamata karibu 92 kwa 100. Kati ya macho yaliyokuwa kwenye hatari ya kupofuka, ilikamata zaidi ya 99 kwa 100. Na programu hiyo ilikuwa imefundishwa kwa foto za watu wa Singapore! Watu wa Copperbelt ni ndugu zetu wa shaba ile ile na udongo ule ule. Kinachoweza kufanyika Kitwe kinaweza kufanyika Likasi.

Sasa toka Goma, vuka kizuizi, panda basi, masaa matatu ao mane uko Kigali. Kule Rwanda walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2022. Wagonjwa wa sukari 275 ambao walipaswa kutumwa kwa munganga wa macho waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilipewa jibu la programu pale pale, mgonjwa angali kwenye kiti. Kundi la pili lilingoja siku chache jibu la mtaalamu. Katika kundi la kwanza, 51.5 kwa 100 walienda kweli kwa munganga wa macho. Katika kundi la pili, 39.6 kwa 100. Tofauti ilitokana na kungoja. Ukimwambia mama "rudi juma lijalo kuchukua matokeo", umemwongezea pesa ya moto, siku moja bila kuuza, na mashaka. Wengi hawarudi.

Lakini tusome namba hiyo mpaka mwisho, tusijidanganye. Hata katika kundi lililopewa jibu mara moja, karibu nusu hawakufika kwa munganga. Mashini ilifanya kazi yake. Njia ya kutoka kwenye mashini mpaka kwenye matibabu ndiyo ilikuwa na shimo.

Mfano wa tatu ni wa mbali kidogo, lakini unatufundisha kitu juu ya leta. Uingereza ilianza mwaka 2003 kuita watu wote wenye sukari, toka umri wa miaka 12, kuja kupigwa foto ya retina. Kampuni haikuhitajika kuleta bahati, wala tajiri mwenye huruma. Serikali ilitengeneza lisiti ya wagonjwa, ikawaandikia barua, ikapanga watu wa kupiga foto na watu wa kuzisoma. Ilipofika hesabu ya 2009 mpaka 2010, sukari haikuwa tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wa umri wa kazi kule Uingereza na Wales. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka 50 hivi. Kamera peke yake haikuleta matokeo hayo. Dawa za sukari nazo zilikuwa bora. Lakini lisiti, barua na foto ya kila mwaka viliingia ndani ya ushindi huo.

MASHINI INASHINDWA PIA

Hatutaki mtu adhani tunauza ndoto. Kule Thailand, programu ya kusoma retina ilipelekwa kwenye kliniki 11. Kwenye labo ilikuwa imeshinda waganga wengi. Ilipofika kwenye kliniki yenyewe, zaidi ya foto moja kwa tano ilikataliwa na programu, sababu chumba hakikuwa na giza ya kutosha na foto haikutoka safi. Intaneti ikawa polepole, wagonjwa wakapanga mulolongo. Hayo yalitokea nchi yenye umeme mwingi kuliko sisi.

Kwetu, delestaji inajulikana hata na mtoto wa miaka mitatu. Kwa hiyo kamera itakayonunuliwa bila pano za jua na betri, bila chumba kinachofungwa pazia, bila mtu aliyefundishwa kuitengeneza, itakuwa kama zile mashini zilizofunikwa na kitambaa ndani ya koridori za hospitali zetu: zilifika na kamera za televizyoni, siku ya kwanza zilipigiwa makofi, leo zinakaliwa na buibui. Inatakiwa pia programu inayoweza kusoma foto bila intaneti. Ziko. Anayesaini mkataba aulize jambo hilo kabla ya kusaini.

"LAKINI KUNA VITA, KUNA NJAA"

Hii njo pingamizi kubwa zaidi, na tunaiheshimu. Watu wanakimbia, watoto wanakufa na malaria na kipindupindu, na ninyi munaongea foto ya jicho?

Ndiyo, tunaongea. Kwanza, sukari haisimami wakati wa vita. Mzee aliyekimbia bila insulini yake, aliyekaa siku nyingi bila dawa na bila chakula cha kupimwa, macho yake yanaharibika upesi zaidi. Na ukimbie vipi, usiku, na watoto, kama huoni njia?

Pili, mtu mmoja akipofuka, wawili wanaacha maisha yao. Tunawaona kila siku: mama aliyepoteza macho na mtoto wa kike wa miaka kumi na mbili anayemshika mkono, ambaye ameacha masomo ili kuwa fimbo ya mama yake. Meza ya sokoni imefungwa, minerval ya wadogo haipatikani, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Ukihesabu upofu, hesabu na shule iliyoachwa.

Tatu, pesa. Kamera nzuri ya retina inagharimu maelfu ya dola. Ni pesa mingi kwa mimi na wewe. Lakini haifiki bei ya jipu moja jipya la mheshimiwa. Tufanye hesabu ya ubao: nchi yetu ina mikoa 26 pamoja na Kinshasa. Tuseme kila kamera ni dola 20,000, moja kwa kila mkoa. Ni dola 520,000 kwa nchi nzima. Ongeza pano za jua, ongeza mafunzo, ongeza usafiri, zidisha hata mara tatu. Nchi inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inashindwa na hesabu hiyo? Kobalti yetu inaingia ndani ya betri za simu na za mashini za wenyewe, na sisi tunakosa mashini moja kwa mkoa mzima.

FOTO HAIPONYESHI MTU

Hapa tunaomba umakini. Kumwonyesha mtu kwamba anapofuka, kiisha kumwacha arudi nyumbani bila kitu, ni ukatili. Foto lazima iwe na mlango unaofunguka nyuma yake.

Mlango wa kwanza ni leza. Uchunguzi mkubwa wa Marekani ulionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba leza, kwa macho yaliyofikia ile hatua ya mishipa mipya, inapunguza hatari ya kupoteza macho kwa zaidi ya nusu. Hii ni dawa ya wakati wa babu zetu, na bado katika miji yetu mingi mgonjwa anaambiwa asafiri mamia ya kilometa kuitafuta. Mlango wa pili ni sindano ndani ya jicho kwa wale ambao katikati ya retina pamevimba. Moja ya dawa hizo, bevacizumab, iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu 2013, na bei yake ni ndogo kuliko ya ndugu zake.

Mlango wa tatu ndio wa kwanza kwa umuhimu: sukari yenyewe. Uchunguzi uliotoka mwaka 1993 ulionyesha kwamba watu wanaotumia insulini waliochunga sukari yao kwa ukali walipunguza kwa 76 kwa 100 hatari ya ugonjwa huu kuanza kwenye macho. Presio pia: mwenye sukari na presio ya juu akitibiwa presio, macho yake yanadumu zaidi. Foto inasaidia hata hapo. Mtu anayeona kwa macho yake mwenyewe doa la damu ndani ya jicho lake kwenye skrini anaelewa kuliko akiambiwa mara mia "uache fanta".

NA KAZI IKO HAPO

Mimi ninayeandika nina diploma yangu ndani ya valizi, na sina kazi. Tuko maelfu. Kila mwaka vyuo vya ufundi wa afya na univasite vya miji yetu vinatoa wauguzi, watu wa labo na watu wa kompyuta, na kila mwaka wanaongeza mulolongo wa shomaji. Wengine wanaendesha moto, wengine wanauza megabaiti.

Sasa sikiliza: kupiga foto ya retina hakuhitaji munganga wa macho. Uingereza, wanaopiga na wanaosoma foto wengi si waganga. Ni watu waliofundishwa kazi hiyo hasa. Waganga wetu wa macho ni wachache, na wengi wako Kinshasa na katika miji mikubwa. Hakuna akili katika kumwekea munganga mmoja watu elfu, wakati wengi kati yao macho yao bado ni mazima. Muuguzi kijana apige foto, programu na msomaji aliyefundishwa wachague, na munganga abaki na wale wanaomhitaji. Kamera kumi na mbili ni kazi kwa vijana zaidi ya kumi na wawili: wa kupiga, wa kusoma, wa kutunza lisiti, wa kupiga simu kwa mgonjwa asiyerudi, wa kutengeneza pano za jua.

FOTO NI YA MGONJWA

Neno moja kwa kampuni na miradi itakayokuja na kamera za bure. Karibuni. Lakini foto ya retina ni sehemu ya mwili wa mtu, na inafundisha mashini ambazo kesho zitauzwa. Sheria ya mambo ya dijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Kwa hiyo mgonjwa aelezwe kwa luga anayoisikia, akubali ao akatae bila kunyimwa matibabu, na foto zitunzwe chini ya mamlaka ya hospitali zetu. Madini yetu yalitoka bila kuulizwa. Macho ya mama zetu yasifuate njia ile ile.

TUNADAI

Ibara ya 47 ya Katiba inahakikisha haki ya afya. Mwezi wa tisa 2023 leta ilizindua huduma ya afya kwa wote, ikaanza na uzazi wa bure. Ilianza vizuri, isisimame pale. Kwa hiyo:

1. Wizara ya afya iandike uchunguzi wa macho wa kila mwaka ndani ya huduma za bure kwa wenye sukari, na kuupa mstari wake kwenye budje, unaosomeka na kila mtu.

2. Kila mkoa upate kamera moja ya retina kwenye hospitali ya leta, pamoja na umeme wa jua, programu isiyotegemea intaneti, na mkataba wa kutengeneza wa miaka mitano. Kinshasa na miji mikubwa ianze na OCT moja moja.

3. Kabla ya foto ya kwanza kupigwa, leza na sindano ziwepo mahali panapofikika, na usafiri wa mgonjwa aliyetumwa ulipwe.

4. Kila zoni ya afya, na tuna zaidi ya 500, ianze kuandika lisiti ya wagonjwa wake wa sukari. Hii haihitaji dola nyingi. Inahitaji kitabu, kalamu, na mtu anayelipwa kila mwezi.

5. Vijana wenye diploma za afya na kompyuta wafundishwe na waajiriwe kwa kazi hii, kwa mashindano ya wazi, bila kaka, bila binamu.

6. Kila mwaka, tarehe 14 Novemba, siku ya sukari duniani, kila gavana atangaze: wagonjwa wangapi walipigwa foto, wangapi walitumwa, wangapi walitibiwa.

NA WEWE, LEO

Usingoje waziri. Jioni hii, muulize mama, papa, shangazi, mjomba: "Sukari yako ilipimwa lini? Na macho yako, kuna munganga aliyewahi kuangalia ndani?" Maswali mawili tu. Akiwa na sukari na hajawahi kuangaliwa, tafuta mahali panapoangalia macho mjini kwenu na umsindikize, hata kama anasema anaona vizuri. Hasa kama anasema anaona vizuri. Mama mjamzito mwenye sukari asingoje, sababu mimba inaweza kuharakisha ugonjwa huu. Na mtu akianza kuona madoa meusi kwa gafla, ao pazia likashuka mbele ya jicho moja, asingoje juma lijalo wala maombi ya usiku yaishe: aende siku hiyo hiyo. Wala mtu asiache dawa zake za sukari sababu mwuza majani amemuapia.

Kiisha rudi hapa. Waambie na wengine wa avenyu yako, mwandikie mbunge wako wa mkoa, mwulize kwa heshima lakini bila woga: kamera ya mkoa wetu iko wapi? Akijibu "tutaangalia", mwambie kwamba kuangalia ndiyo hasa tunachoomba, na wagonjwa wanaongoja kuangaliwa ni wengi.